Kiwanja cha mtaa ni cha nani, na ufunguo anao nani?

Marahaba dada, na kamwene juu yake, maana mi ni mtu wa Iringa hata kama miaka mingi nimekula viazi vya Mbeya. Swali lako nimelisoma mara mbili. Kwa faida ya wengine nalirudia kwa kifupi: unakaa upande wa Uyole hapa jijini Mbeya, mtaani kwenu kuna kiwanja ambacho mmekua mkikiona kiko wazi tu, watoto wanacheza, jioni vijana wanapiga ndondo (mpira wa mtaani), Jumapili mchana kwaya wanafanyia mazoezi. Mwaka huu kimewekwa mabati upande mmoja na geti, kuna jamaa anakaa pale na daftari, watoto wakija wanafukuzwa, timu wakija wanaambiwa elfu 20 kwa saa, ila wenye muziki na maturubai wao wanaingia. Unauliza kiwanja ni cha nani, jiji linaendeshaje haya maeneo, na nyie mkitaka kibaki cha watoto mnaanzia wapi.

Nimefanya kazi ya michezo na utamaduni kwenye halmashauri za huku Nyanda za Juu Kusini mpaka nikastaafu, kwahiyo sasa naongea bila kuogopa barua ya kujieleza.

Tuanze na mwenye mali, maana hapa ndo watu wengi wanakosea, wanaenda kupiga kelele kwa mtu ambae hahusiki. Kiwanja ambacho mtaani mnakiita "cha serikali" kinaweza kuwa na wenyewe tofauti kabisa. Kinaweza kuwa cha halmashauri, cha shule (ikiwa ni cha shule ya msingi mlinzi wake ni mwalimu mkuu na kamati ya shule, sio mtaa), cha taasisi kama Magereza au reli, au cha chama. Angalia Sokoine pale mjini. Watu kibao wanadhani ni uwanja wa jiji, wakati ni wa CCM, kama ulivyo Samora wa Iringa. Viwanja vya namna hiyo viko nchi nzima, vilianza enzi za chama kimoja na baada ya vyama vingi kurudi 1992 vikabaki kwa chama, mjadala wake ni mrefu na leo tuuache. Ila ona kilichotokea Mbeya: halmashauri ya jiji ikaanzisha timu yake, Mbeya City, ikapanda ligi kuu, na msimu wake wa kwanza kabisa 2013/14 ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, mji ukawaka moto, lakini timu ni ya jiji na uwanja ni wa mtu mwingine. Yani umezaa mtoto anang'aa, kulala analala nyumba ya kupanga.

Kiwanja chenu kwa ulivyokielezea mi nahisi ni eneo la wazi, lile ambalo wapimaji wakati wanapanga mtaa waliliacha kwa ajili ya michezo na mapumziko. Kuhisi hakusaidii lakini. Nenda ofisi ya ardhi ya jiji, upande wa mipango miji, uliza mchoro wa mipango miji wa eneo lenu, kule ndani wanauita TP. Kila kiwanja kwenye mchoro kina matumizi yake yameandikwa. Kama pameandikwa eneo la wazi au michezo, una silaha. Uliza pia kama kimepimwa na kuwekewa bikoni (zile alama za mipaka) na kama kina namba ya kiwanja na kitalu, sababu eneo la wazi ambalo liko kwenye mchoro tu na halijapimwa ndo linaloliwa kidogo kidogo, leo kibanda cha chips, kesho gereji, keshokutwa mtu anatoa hati usijue kaipata wapi.

Na kama kuna mtu kabadilisha matumizi, kubadilisha kuna utaratibu wake kwenye Sheria ya Mipango Miji ya 2007, linatoka tangazo, watu wanapewa nafasi ya kuweka pingamizi, halafu linapita kwenye vikao. Halifanyiki kimya kimya na mtu mwenye daftari. Wengi wanaona kuandika pingamizi ni kupoteza wino, mi nawaambiaga waangalie Nairobi. Mwaka 1989 walitaka kujenga ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, mtetezi wa mazingira Wangari Maathai akaanza na barua tu, anaandika ofisi hii, anaandika ofisi ile, wakamtukana bungeni, mwisho wenye hela wakajitoa na bustani ipo mpaka leo.

Sasa jiji linaendeshaje haya mambo. Hapa nitakuchosha kidogo maana ndo utamu wenyewe.

Wenzetu baadhi wana chombo kabisa cha hii kazi. Mji wa Minneapolis kule Marekani toka 1883 una bodi ya bustani na michezo, makamishna wake 9 wanapigiwa kura na wananchi kama sisi tunavyopigia diwani, na kuna kipande cha kodi ya majengo kinaenda kwao moja kwa moja. Chicago nao 1934 waliunganisha bodi 22 za bustani zikawa moja. Msimu ukianza wanatoa ratiba: watoto wa umri huu kuogelea Jumanne, wazee mazoezi asubuhi, kikapu jioni, ukumbi unakodishwa kwa bei hii, unajiandikisha, unalipa au unasamehewa. Watu wakiona picha wanaonea wivu bembea na nyasi. Mi wivu wangu uko kwa yule mtu ambae akiulizwa "bembea imekatika, kazi ya nani?" anajibu "yangu".

Kwetu hio bembea haina idara. Sitanii. Nyasi na miti ni ya watu wa mazingira, taka na choo ni ya usafi, ramani ni ya watu wa mipango miji, ada inakusanywa na watu wa mapato, ukarabati mhandisi, ratiba ya mechi afisa michezo, na afisa michezo mwenyewe unakuta ni mmoja au wawili mji mzima, nusu ya mwaka yuko kwenye mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, ikiisha anaandaa halaiki ya Mwenge, ikiisha kuna bonanza la watumishi. Sa huyu mtu aje saa ngapi kuangalia kama watoto wa Uyole wanacheza?

Nikupe kisa kimoja. Halmashauri moja niliyokuwepo, sitaitaja, ilijenga kibustani kizuri, bembea nne, mteremko, viti vya zege, kikafunguliwa na kiongozi na keki ikakatwa. Mwezi wa pili bembea moja ikakatika bolti ya juu. Mama mmoja aliyekuwa anauza karanga pale akanipigia. Nikaenda na fundi wa kuchomelea, akaangalia akasema elfu 8, na ya soda. Mi nikafanya kama mtumishi mwema, nikaandika dokezo, likaenda kwa mkuu wa idara, akaandika "kwa hatua zaidi" likaenda kwa mhandisi, mhandisi akasema kile sio kitu cha ujenzi ni cha michezo, likarudi, likaenda kwa mweka hazina, mweka hazina akauliza hela inatoka kifungu gani cha bajeti. Hapo ndo tukagundua bustani nzima haikuwa na kifungu hata cha shilingi mia. Hela ya kujenga ilikuwepo, hela ya kuishi haikuwahi kuandikwa. Miezi mitano. Dokezo lilipopita bembea zilikuwa zimebaki nguzo tu, minyororo ishaenda kwenye chuma chakavu. Mpaka leo najilaumu sikutoa ile elfu 8 mfukoni, japo ningetoa hii ningetoa na zote zinazofuata.

Kwahiyo dada, ukisikia kuna mradi unakuja kujenga, shukuru halafu uliza swali moja kabla ya makofi: mwaka wa pili nani anakata nyasi na analipwa kutoka kifungu gani.

Hela zenyewe zinatoka wapi? Watu wananiambiaga "si tunakatwa kwenye LUKU". Ile ya LUKU ni kodi ya majengo, tangu 2021 inakatwa huko na inaingia serikali kuu kwanza, usidhani kila ukinunua umeme kuna shilingi inaenda kiwanjani kwenu. Hela ambayo halmashauri ina usemi nayo ni mapato ya ndani: ushuru wa masoko, stendi, ushuru wa huduma, leseni, vibali, ada mbalimbali. Hio ndo inagombaniwa na madarasa, zahanati, posho za vikao, na ile asilimia 10 ya mikopo ya vikundi. Ukimweka mtoto anaetaka bembea kwenye foleni hio atasimama mpaka aote ndevu, labda awe na watu wa kumsemea mapema.

Na mapema namaanisha mapema kweli. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, watu wanakwenda kulalamika mwezi wa nane wakati bajeti ishapita kitambo. Vipaumbele vya mitaa vinakusanywa mwishoni mwa mwaka, baraza la madiwani linapitisha mwanzoni mwa mwaka unaofuata, halafu inapanda mkoani, TAMISEMI, bungeni. Ombi lenu likiwa halimo kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa kabla ya Krismasi, basi mmechelewa, subirini mwaka mwingine.

Haya sasa yule jamaa wa daftari. Ada ya kutumia eneo la halmashauri lazima iwe kwenye sheria ndogo ya ada na ushuru, iliyopitishwa na baraza na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Na malipo yake ni kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali. Kwahiyo siku ingine msigombane nae, mwambieni kwa upole "kaka tupo tayari kulipa, tupe kontroo namba". Akitoa, angalieni inaenda kwa nani na kwa kifungu gani cha sheria ndogo. Akianza kusema mtandao unasumbua mara tatu mfululizo, mshajua.

Mi sio kwamba napinga ada, hapa natofautiana na wanaharakati. Kiwanja cha bure kwa kila mtu kwa kila kitu kinakufa mapema sana. Matamasha yakiingia na malori kwenye matope ya mwezi wa pili, hapo nyasi huzioni tena mpaka ligi iishe. Ninavyopenda mimi ni hivi: mtoto halipi, shule hailipi, timu ya mtaa inachangia kwa kazi au hela kidogo kwa msimu, na harusi, promosheni, muziki, mkutano wa hadhara wanalipa bei kamili pamoja na dhamana, wakiharibu dhamana haitoki. Pale Forodhani Zanzibar, bustani iliyokarabatiwa na kufunguliwa tena 2009, wauza urojo na mishkaki wa jioni ni sehemu ya bustani yenyewe, watu wanafuata chakula, wakiwepo watu na macho yapo. Huku kwetu mama lishe akisogea karibu na bustani tunamtimua na mgambo, halafu tunaajiri mlinzi wa kukaa peke yake gizani.

Ada bila ratiba nayo ni wizi wa kistaarabu tu. Kiwanja kina saa chache. Tuseme saa 8 mpaka saa 12 jioni, ni saa nne, na nyasi hazivumilii mechi kila siku. Kama haijaandikwa ubaoni nani anacheza saa ngapi, anacheza mwenye nguvu, na mwenye nguvu mtaani ni kijana wa miaka ishirini mwenye njumu. Wasichana wa netiboli hutawaona. Sio kwamba hawataki, wamekuja mara mbili wakakuta mpira wa miguu, wakaondoka, mara ya tatu hawakuja, afu mtu wa halmashauri anaandika kwenye ripoti "mwamko wa wanawake ni mdogo". Kiwanja kimoja nilichokisimamia, tulivyoandika Jumanne na Alhamisi saa 10 ni netiboli, na tukachora uwanja wao kabisa pembeni (kama mita 30 kwa 15, haihitaji eneo kubwa, kwenye sehemu ya kiwanja cha mpira inaenea vizuri), wiki ya tatu nilikuta wako kumi na nane, mmoja kaja na mtoto mgongoni, kamuweka kwa mwenzake anaesubiri zamu.

Kuna hili la ufunguo. Kiwanja kingine nilichokisimamia kilikuwa na choo, kizuri, matundu manne, kimejengwa kwa mradi. Siku ya bonanza la watoto nikakuta kimefungwa kwa kufuli, watoto wanajisaidia nyuma ya milingoti (mikaratusi). Ufunguo uko wapi? Kwa mlinzi. Mlinzi yuko wapi? Baa ya ng'ambo ya barabara. Nikamfuata, mzee wa watu akanieleza bila kunificha: halmashauri haijamlipa toka mwaka jana, anaemlipa ni mwenye baa, na mwenye baa anataka choo kiwe safi kwa wateja wake jioni. Ningekasirika vipi? Mtu analinda kwa anaemlipa. Tangu siku hio nikifika kiwanja chochote sianzi na nyasi wala magoli, naulizia nani ana ufunguo na nani anamlipa. Jamaa yenu wa daftari hebu mfuatilieni kwa hayo hayo maswali mawili, jibu litawaambia mengi kuliko ramani.

Mnaanzia wapi sasa. Kwanza mchoro, nimeshasema, na mkipata mpige picha au mchukue nakala. Pili msiende mmoja mmoja ofisini, mtu mmoja ni malalamiko, watu arobaini waliosaini ni ajenda. Andikeni barua kwa mtendaji wa mtaa mkiomba kiwanja kiwe ajenda ya mkutano wa mtaa, siku ya mkutano mje wengi, muhakikishe maamuzi yanaandikwa kwenye muhtasari, kabla hamjaondoka muombe kusomewa kilichoandikwa. Maombi yawe matatu tu na yawe madogo: kiwanja kipimwe na kuwekewa bikoni, ratiba na bei zibandikwe getini, na kiwe na kifungu cha matunzo kwenye bajeti hata kama ni milioni mbili. Msiombe uwanja wa kisasa wenye taa, mtaambiwa upo kwenye mpango na mpango utawazika. Muhtasari unapanda kamati ya maendeleo ya kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, na kutoka hapo diwani anaubeba kamati ya mipango miji na baadae baraza. Baraza kamili linakaa kila robo mwaka na ni la wazi, mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Nendeni watano mkakae nyuma. Diwani akiona sura za watu wake hasahau karatasi nyumbani.

Tatu, muwe na kikundi kinachoeleweka. Mna klabu ya jogging? Kwa Mbeya hii sioni mtaa usiokuwa nayo. Hao ndo watu wa kuingia makubaliano ya maandishi na jiji kwamba wao wanatunza, jiji linabaki mwenye mali, na kinachoingia kinajulikana. Vijana wakitaka kibanda cha matunda au maji pale pale waombe kupitia ile mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Ila isiwe ndo sababu ya kukigeuza kiwanja soko, kibanda kimoja, viwili basi.

Kama kiwanja chenu kinashuka mpaka mtoni, kama vilivyo vingi pale kwa sababu ya hivi vijito vinavyoshuka milimani, kuna kitu kingine cha kuwasaidia. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mtu akija na mpango wa fremu za maduka huko chini mna pa kumsimamisha, na nyie hapo hapo mnaweza kupanda miti na kuacha njia ya kutembea, hio sio tu inaruhusiwa bali ndo inayotakiwa. Miti lakini sio milingoti tafadhali, inakunywa maji hatari na chini yake hakuna jani linaota. Na sio kila sehemu ya kupumzika inataka uzio na geti. Kule kwetu Iringa jiwe la Gangilonga watu wanapanda jioni kutazama mji, na kinachovuta watu pale ni jiwe lenyewe na njia ya kulifikia.

Mwisho hio nyasi uliyoniuliza kwenye mstari wa mwisho, kama mnunue. Msinunue. Ukoka mnao kila mtaro, chimbeni vipande vyenye vifundo, mvua zikishashika mwezi wa kumi na mbili muipande kwa mistari mkiachanisha kama hatua moja, kati kati ya uwanja pawe juu kidogo kuliko pembeni ili maji yatembee, na mfunge kucheza upande huo mpaka mwezi wa tatu au wa nne. Fungeni nusu moja tu, nusu ingine watoto waendelee, mkifunga kiwanja chote hata kwa nia njema mtakuwa mmemfanyia kazi yule jamaa wa daftari. Ukishaupata mchoro niandikie pameandikwa nini, na kama ni kiwanja cha shule nitakuelekeza tofauti.